Jino Moja, Ng'ombe Mmoja

Jumanne, 2 Septemba

Hiki kitabu cha kalenda bwana yangu Kipruto alipewa bure Januari kwa duka la dawa za mifugo pale Mogogosiek. Kila mwezi kina picha ya ng'ombe wa maziwa. Kimekaa juu ya kabati mpaka leo, nimekifuta vumbi. Nataka kuandika hadi siku ya koito, siku ambayo watu wa Kipruto watakuja kwetu Chepseon kutaja ng'ombe za mahari, na mimi nitasimama mbele ya wazee niulizwe kama nimemkubali. Tunakaa pamoja na tuna mtoto wetu Molly, lakini hilo bado hatujafanya. Tumeambiwa Desemba.

Ninataka kitu kimoja. Siku hiyo niwe na meno.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua ilianza saa nane. Tulichuma chai asubuhi tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Niandike ilivyokuwa, ili nisirudie tena. Molly alikuwa mchanga. Kipruto alikuwa anapulizia ng'ombe dawa ya kupe na mimi nilishika kamba. Kuna ndama jike wa Kogo anaitwa Mrembo, wakati huo alikuwa ameanza kukomaa. Dawa ilimwingia machoni akarusha kichwa, na mdomo wangu ulikuwa hapo juu. Meno mawili ya mbele ya juu yakatoka. Moja nililiona kwa matope, lingine sikuliona. Hiyo ndiyo hadithi yote.

Kogo ni mama yake Kipruto. Sisi wote tunamwita Kogo, yaani nyanya, tangu Molly azaliwe.

Shida haikuwa uchungu. Shida ilikuwa simu niliyompigia baba. Nilimwambia ni ng'ombe. Akasema, "Ng'ombe?" Mara moja tu. Mjomba Kipkemboi alichukua hiyo simu akauliza kama hiyo ng'ombe iko na ngumi.

Kwetu mwanamke asiye na meno ya mbele, watu husema amepigwa na bwana yake. Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo nikiona mwanamke wa namna hiyo sokoni. Na wale waliopigwa kweli husema waliteleza, ama ni mlango, ama ni ng'ombe. Kwa hivyo nilisema ukweli na ukafanana na uwongo. Kipruto hajawahi kuniinulia mkono. Siku hizi akija Chepseon ndugu zangu wanamsalimia kwa vidole tu.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani niliimba nimefunika mdomo na leso. Herufi nyingine zinatoka na upepo.

Jumanne, 9 Septemba

Nyanchoka ni jirani yetu, watu wao walihamia hapa kutoka Nyamira, na tunachuma pamoja mistari miwili ya jirani. Leo aliniambia, "Fancy, ukicheka sisi tunaona mpaka chai ulikunywa asubuhi." Nilicheka kweli, mkono ukiwa mdomoni. Akaniambia nitoe huo mkono, nachuma na mkono mmoja na kikapu hakijai.

Ni yeye aliniambia kuna meno ya kupandikizwa. Si ya kutoa na kurudisha. Wanaweka skrubu kwa mfupa na jino linakaa juu yake, unakula nalo mahindi ya kuchoma. Binamu yake amewekewa huko Nairobi.

Alhamisi, 11 Septemba

Molly amekuwa na homa kidogo. Amenyonya siku nzima. Akinyonya huwa analala upande wangu wa kushoto na anaingiza kidole kwenye pengo langu. Anakiacha hapo hapo mpaka ashikwe na usingizi. Hajawahi kuniona na meno.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia Kipruto. Alisema bonasi ya chai, ile pesa kiwanda hulipa mara moja kwa mwaka, ikitoka Oktoba tutaona. Kogo alikuwa anachambua mboga. Alisema yeye amekula miaka hii yote bila ya chini na hajafa njaa. Yeye alitolewa mawili ya chini akiwa msichana, walivyokuwa wakifanya zamani. Kogo ni mtu mgumu. Hata sukari anaweka kwa kikombe chako yeye mwenyewe.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua.

Jumanne, 23 Septemba

Kogo alikuwa anaenda Kericho kupimwa macho. Akasema nivae viatu vizuri twende wote, tuulize hayo meno, ili maneno yaishe nyumbani.

Kliniki iko juu ya duka la nguo. Daktari ni mwanamke, mdogo, anaongea polepole. Alinipiga picha ya taya akaniwekea kwa kioo, nikaona fuvu langu limetabasamu bila kujificha. Akanieleza. Mfupa wa pale jino lilikuwa unaendelea kuisha kidogo kidogo kwa sababu hauna kazi. Nikichelewa sana itabidi waongeze mfupa kwanza, na hiyo ni gharama nyingine. Akiweka skrubu, inakaa miezi kadhaa mpaka mfupa uishike, ndipo anaweka jino. Nikamuuliza kama yatakuwa tayari Desemba. Alisema hata nikilipa leo hayawezi. Pengine mwezi wa pili.

Hapo nilitaka kuinuka. Lakini Kogo akauliza bei. Jino moja ni elfu mia moja na hamsini, na hiyo ni pamoja na picha. Mawili ni mara mbili, anaweza kupunguza kidogo. Akatuonyesha meno madogo yamepangwa kwa ukanda kama shanga, kila moja na rangi yake, ili achague linalofanana na yangu.

Halafu akamwangalia Kogo akamwambia kwa heshima kwamba hata yake ya chini yanaweza kurudishwa.

Kogo alimwambia, "Haya hayakupotea, mtoto wangu. Haya yalitolewa. Nilikaa chini sikulia, na mama yangu akaenda akinisifu kwa watu. Sasa wewe utaweka nini hapo?"

Daktari alicheka, Kogo hakucheka. Tulishuka ngazi. Tulipofika pale wanauza viazi, Kogo akasimama.

"Jino moja, ng'ombe mmoja," alisema.

Ni kweli. Mrembo sasa ana mimba, na mfanyabiashara wa Roret alimtajia bei karibu hiyo hiyo. Nilitaka kumwambia nilikuwa na ng'ombe wawili mdomoni na sikujua.

Jumatano, 24 Septemba

Sijaenda kuchuma. Kichwa.

Jumapili, 28 Septemba

Tumepanga hivi. Meno ya kupandikiza hayatafika koito, basi ninunue kwanza yale ya kubandika, ya plastiki, bei yake si mbaya. Hiyo ni ya siku hiyo tu, wazee wanione nimekamilika. Yale ya kweli yatafuata bonasi ikiwa nzuri. Kipruto amekubali haraka. Najua kwa nini. Yeye ndiye anaangaliwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua ya mawe. Ilikuja saa tisa kutoka upande wa msitu. Nyanchoka na mimi tuliingia chini ya paa la kituo cha chai na watu wote, na mtu hasikii mwenzake. Ilipoisha shamba lilikuwa jeupe. Baadaye mawe yakayeyuka, chai ikabaki kama imetafunwa. Matawi matupu, majani yako chini yametoboka.

Kogo alizunguka shamba lote na gambuti za mpira, akarudi akaosha gambuti, akakaa. Alisema itachipuka tena baada ya wiki kadhaa. Alisema kila mwaka huwa hivi, na kila mwaka watu husema haijawahi kuwa hivi.

Nilimwonea huruma kidogo. Ni mara ya kwanza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kila mtu anaongea bonasi. Hakuna anayejua.

Jumanne, 14 Oktoba

Imetangazwa. Ni ndogo. Kituoni wanaume walikuwa wamesimama vikundi vikundi, mmoja anasema wataandamana, mwingine anasema atang'oa chai apande parachichi. Kipruto alirudi akakaa kwa kiti bila kuvua koti. Itatosha nguo za koito, sukari, soda, gari la kutupeleka Chepseon na meno ya plastiki.

Nyanchoka alisema, "Wacha basi. Utakula mahindi kama wazee, ukiyakata na kisu."

Jumamosi, 18 Oktoba

Hakuna kitu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Molly ameota jino la juu. Anauma. Nimemwambia kila mtu, hata mwenye lori la chai.

Jumapili, 2 Novemba

Kogo na kaka wa marehemu baba mkwe walikaa nje wakihesabu ng'ombe za kupeleka. Wanne, na kondoo. Kuna mfahali mdogo, kuna wawili waliozaa, na Mrembo. Kogo ndiye alimtaja Mrembo, maana ni wake. Nilikuwa jikoni nikasikia. Sikujua nifikirie nini. Ng'ombe aliyenitoa meno ataenda kukaa kwa baba yangu, na baba atakuwa akimkatia nyasi kila siku bila kujua ni yeye.

Jumatano, 12 Novemba

Chai imechipuka. Kijani kile cha kwanza, laini. Tumechuma mpaka vidole vikawa vyeusi.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimechukua meno. Yako kwa kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi, na waya mbili za kushika. Nilijiangalia kwa kioo cha kliniki muda mrefu. Alikuwa yule Fancy wa zamani, yule aliyekuwa anacheka darasani mpaka mwalimu anamtoa nje. Nilisema "samosa" mara nyingi, upepo haukutoka. Daktari aliniambia hii si dawa ya pengo, mfupa utaendelea kuisha chini yake. Nilimwambia najua.

Kipruto aliponiona alisema nimependeza. Kisha akasema tena.

Molly sikumwonyesha. Nilitaka azoee siku nyingine.

Jumatatu, 1 Desemba

Nywele zimesukwa. Nyanchoka amekataa kulipwa.

Jumapili, 14 Desemba

Jana ilikuwa koito. Naandika nikiwa bado kwetu Chepseon, Molly analala.

Watu wa Kipruto walifika saa tano. Waliwekwa nje ya lango kwanza kama kawaida, wakaulizwa wamepotea ama wanatafuta nini, wakasema wanatafuta moto wa kuwasha nyumbani kwao. Wakaingia. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu na meno yangu. Shangazi mmoja, Janefer, aliniinua kidevu akaangalia akasema, "Kumbe walikununulia." Hakusema nani. Niliona alichofikiria, kwamba mtu amevunja kikombe akalipa kikombe.

Halafu waliniletea Molly maana alikuwa analia. Nikamchukua, nikamtabasamia. Aliniangalia mdomoni. Alikunja uso kama mtu anayekumbuka kitu, kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Akajirusha kwa Janefer. Nikamwita, akazidi. Nikimkaribia anafunga macho. Shangazi zangu walicheka mwanzoni, halafu wakaacha. Mtoto alikuwa anatetemeka. Nikatoa kifuani titi nikampa, akaja analia, akatafuta na kidole pale anapopatafuta, akagonga plastiki, akaacha titi akaanza upya.

Nje mjomba Kipkemboi aliita kwamba msichana atoke.

Sikufikiria. Niliyatoa nikayafunga kwa leso, nikampa Janefer. Molly aliingiza kidole chake akanyamaza, na hivyo ndivyo nilitoka. Nilisimama mbele ya wazee na mtoto kifuani, kidole chake kiko mdomoni mwangu, na mkono wa kufunika sikuwa nao kwa sababu yote ilikuwa imemshika.

Mjomba aliniuliza kama nawajua hawa watu. Nilisema nawajua. Akaniuliza kama nimemkubali huyu kijana kwa hiari yangu. Upepo ulitoka, lakini nilisema nimemkubali. Ndipo akafanya kitu ambacho hakiko kwa desturi.

"Na hayo meno ni nani aliyatoa?"

Nikasema ni ng'ombe.

Wazee wa kwetu waliangaliana. Kaka yangu mmoja alicheka puani. Mjomba alimgeukia Kipruto akamwambia hiyo ng'ombe yao lazima ilisoma, inajua kuchagua mahali pa kupiga. Kipruto aliangalia viatu vyake. Baba alikuwa amekaa kwa kiti cha mbao, kofia yake kwa goti. Hakucheka. Ilikuwa afadhali acheke.

Niliambiwa nikae. Wakaanza kutaja ng'ombe. Na kwetu hauwezi kumpa mtu ng'ombe kimya kimya. Unamtaja kwa rangi, kwa mama yake, na kwa tabia yake, kama anaruka ua, kama anakataa maziwa, ili kesho usiambiwe ulimpa mtu kasoro gizani. Kaka wa marehemu baba mkwe, mzee wetu wa upande wa Kipruto, alitaja mfahali. Akataja wale wawili. Wote wazuri, maana kila mtu hutaja kasoro kidogo tu, ya adabu. Alipofika kwa Mrembo alisema mweusi wa doa jeupe, ana mimba, mpole.

Kogo aliinuka.

Hapo mwanamke haingilii. Mzee wetu alimshika nguo. Kogo alitoa mkono wake polepole.

"Huyo ni wangu na nitamsema mimi," alisema. "Si mpole. Anatupa kichwa. Ukimshika kamba usisimame mbele. Mimi nilikuwa jikoni nikamwona, ndiye alitoa meno ya huyu msichana, na mtoto wangu alikuwa na pampu mgongoni, mikono yake yote miwili kazini. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa bei yake itashuka. Sasa imeshuka."

Akakaa. Akapanga nguo yake magotini.

Hapo ndipo nilielewa wanachofikiria wote, maana nilikuwa nafikiria hivyo hivyo. Hakuna mtu duniani anayemharibia ng'ombe wake jina siku ya mahari. Mtu anaweza kudanganya kumwokoa mtoto wake. Lakini si kwa ng'ombe, si mbele ya wanaomhesabu.

Mjomba alikohoa. Mwisho alimwita Kipruto, akamshika mkono, mkono wote.

Baba alivaa kofia. Aliuliza, "Huyo ng'ombe, bei yake ni ngapi kabla hajaharibiwa jina?"

Kogo akasema ni kama jino moja. Watu hawakuelewa, mimi nilielewa. Nilimweleza baba hayo mambo ya kliniki, pale pale, kwa sauti, na mfupa unaoisha, na skrubu, na miezi. Sijui kama nimewahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya baba.

Alifikiri. Kisha akasema huyo ng'ombe amehesabiwa, mahari yake imetimia, hakuna deni. Lakini yeye hatamchukua. "Huyo ameshakula kwangu," alisema. "Muuzeni arudishe alichokula."

Kogo alisema sawa. Watu walicheka sasa, kila upande, na soda zikafunguliwa.

Jioni nilimkuta Kogo nyuma ya nyumba anaosha miguu. Nilitaka kumshukuru. Aliniambia niangalie Molly asikanyage maji.

Jumatano, 17 Desemba

Tumerudi. Mrembo alinikaribia kwa ua akanusa mkono wangu. Nilisimama kando, si mbele.

Jumanne, 23 Desemba

Mtu wa Roret amekuja na gari. Aliuliza tabia yake. Kogo alimwambia yote. Yule mtu akapunguza bei kidogo, na Kogo akajazia pesa ya jino kwa pesa ya kuku.

Ijumaa, 2 Januari

Nabandika yale ya plastiki kila siku dakika chache mbele ya Molly, nikiyatoa anaona, nikiyarudisha anaona. Jana alicheka. Leo aliyashika, akajaribu kuyaweka kwa mdomo wa mwanasesere.

Alhamisi, 8 Januari

Kitabu kimeisha kurasa, naandika pembeni mwa ng'ombe wa Desemba.

Leo tulikuwa kliniki, Kogo, Molly na mimi. Jino ni moja kwa sasa. La pili litangoja bonasi ya mwaka huu, na mimi sina haraka nalo kama zamani. Daktari alisema skrubu inaingia leo, na jino lenyewe ni mwezi wa tano. Alitaka kuanza na la kushoto kwa sababu huko mfupa ni mzuri zaidi. Nilimuuliza kama la kulia haliwezekani. Akasema linawezekana, lakini kwa nini.

Nilimwambia mtoto hulala kushoto, na kidole chake huingia hapo.